Rangi za Kondoo wa Shetland: Urithi wa Manyoya na Urithi wa Maneno

Tangu kitabu cha Berlin na Kay juu ya majina ya rangi kilipochapishwa mwaka 1969, wanaisimu wamezoea kulipima kila jina la rangi kwa vigezo walivyoviweka wataalamu hao wawili. Kimojawapo chasema kwamba jina la msingi la rangi halipaswi kufungwa na jamii moja tu ya vitu. Kingine chatilia shaka jina lolote lililotokana na kitu chenye rangi hiyo. Kwa kigezo hicho cha pili Kiswahili chetu hubaki na weupe, weusi na wekundu, na mengine yote, kijivu cha jivu, kahawia ya kahawa na manjano ya bizari, husimama mlangoni yakingoja kuhojiwa. Maneno yanayozungumziwa katika makala haya yasingeruhusiwa hata kuukaribia mlango huo. Ni majina ya rangi za kondoo peke yao, yalizaliwa katika lugha ambayo wasemaji wake walikwisha karne ya 19, na mengi yametokana na vitu: sakitu, kofia ya chuma, soksi, tumbo. Nimeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, wachungaji walioyatumia waliigawanya rangi ya mnyama kwa njia ambayo wataalamu wa elimu ya urithi waliifikia wao wenyewe katika karne ya 20. Pili, historia yake yaonyesha wazi kwamba rangi na neno, ingawa vyote viwili hurithiwa, havipotei kwa namna moja.

Visiwa vya Shetland vimo baharini baina ya Uskoti na Norwei. Watu wa Skandinavia walihamia huko yapata karne ya 9, na lugha yao ikaota mizizi mpaka ikawa lugha ya pekee iliyojulikana kwa jina la Kinorn. Mwaka 1469 Mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark na Norwei aliviweka visiwa hivyo rehani kwa Mfalme James wa Tatu wa Uskoti, kwa kuwa hakuwa na fedha taslimu za mahari ya binti yake Margaret. (Mahari ya huko, msomaji akumbuke, hutoka kwa baba wa bibi arusi.) Rehani hiyo haikukombolewa kamwe. Kiskoti kikawa lugha ya mahakama, ya kanisa na ya biashara, na Kinorn kikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mekoni na malishoni. Mwaka 1774 msafiri aitwaye George Low alifika kisiwa cha Foula akamkuta mzee mmoja, William Henry, aliyekuwa angali akikumbuka utenzi wa beti 35 katika lugha hiyo. Low aliuandika wote kwa kufuata sauti tu, maana mwenyewe hakuielewa lugha. Mtu atajwaye mara nyingi kuwa msemaji wa mwisho, Walter Sutherland wa kisiwa cha Unst, alifariki yapata mwaka 1850.

Lugha ilikufa, kondoo walibaki. Nao ni kondoo wadogo wenye mkia mfupi, ndugu wa kondoo wa Aisilandi, wa visiwa vya Faroe, wa Norwei na wa kisiwa cha Soay kilicho magharibi ya Uskoti. Wataalamu wa mifugo huwaita kondoo wa aina ya awali. Manyoya yao hulegea yenyewe majira ya joto yanapoanza, hata mfugaji huweza kuyang'oa kwa mkono bila mkasi. Kitendo hicho huko Shetland huitwa roo, neno litokanalo na rýja katika lugha ya kale ya Skandinavia. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza mabaki ya virusi vya kale yaliyojishikiza katika jeni za kondoo walionyesha kwamba jamii hizi za kaskazini ni masalio ya wimbi la kwanza la kondoo waliotoka Asia ya Magharibi, kabla ya wimbi la pili lililoeneza kondoo wenye sufu bora zaidi kote Ulaya.

Hata hivyo neno hilo "awali" lisitupotoshe. Kondoo wa mwituni ana sura moja tu: mgongo wa rangi ya udongo mwekundu na tumbo jeupe. Wingi wa rangi haukutoka mwituni, ulitoka zizini, pale binadamu alipomkinga mnyama na adui ambao wangemwona upesi kwa weusi wake au mabaka yake. Kwa hiyo kundi lenye rangi kumi si kundi ambalo halijaguswa na mkono wa mtu. Ni kundi lililofugwa kwa maelfu ya miaka na watu walioipenda tofauti, au angalau hawakuwa na sababu ya kuiondoa.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Lijulikanalo zaidi ni moorit, yaani kondoo wa kahawia nyekundu. Asili yake ni mórauðr, neno lililoundwa kwa mór, nyika yenye vichaka vikavu, na rauðr, ekundu: wekundu wa nyika. Shaela ni kijivu kilichokoza, cheusi kilichonyunyiziwa weupe, na asili yake ni héla, sakitu, ule umande ulioganda juu ya ardhi alfajiri. Sholmet ni kondoo wa rangi mwenye uso mweupe. Asili ni hjálmóttr, mwenye kuvaa hjálmr, kofia ya chuma ya vitani. Msomaji aliyezoea sheria za sauti atakuwa amekwisha kuona jambo hapa. Katika matamshi ya Shetland, h iliyofuatwa na y iligeuka kuwa sh. Ndivyo hjálm- ilivyozaa sholm-, na ndivyo héla, irabu yake ilipotanguliwa na y, ilivyozaa shaela. Jina la visiwa vyenyewe, ambalo zamani lilikuwa Hjaltland, lilipita katika njia hiyo hiyo. Mtu aitaye kondoo wake sholmet na mtu aitaye nchi yake Shetland wanafuata kanuni moja ya fonolojia, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeisoma.

La kupendeza zaidi kwa mwanasarufi ni kiambishi tamati. Sholmet, bleset (mwenye baka jeupe usoni), krunet (mwenye baka jeupe utosini, kama taji), sokket (mwenye miguu ya rangi nyingine, kana kwamba amevaa soksi), fleckit (mwenye mabaka makubwa): yote haya huishia kwa -et au -it, ambayo ni mabaki ya kiambishi cha kale -óttr. Kazi yake yafanana na ya -enye katika lugha yetu: huchukua nomino na kuigeuza kuwa sifa ya mwenye nacho. Wasemaji wa Kinorn walikwisha, lakini kiambishi chao kiliendelea kukaa juu ya migongo ya kondoo, tena kikiwa kimepangwa vizuri hata mtu asiyejua lolote la Skandinavia angeweza kukitambua kwa kuyaweka maneno sita kando kwa kando. Sijui kama yapo mazingira mengine ambamo mofolojia ya lugha iliyokufa imehifadhiwa kwa utaratibu kama huo kuliko katika ufugaji.

Kuna jozi moja ambayo lazima tukae nayo kidogo: katmoget na gulmoget. Kiini cha maneno haya mawili huhusishwa na magi, tumbo. Kondoo wa katmoget ana mgongo na ubavu wa rangi iliyofifia, na tumbo, koo na miguu iliyokoza. Usoni ana michirizi iliyokoza kuanzia machoni. Gulmoget ni kinyume chake kabisa: mwili umekoza, na tumbo, kidevu na ndani ya masikio vimepauka. Mmoja ni kama kivuli cha mwenzake kilichopinduliwa. Ajabu ni kwamba maneno haya hayasemi ni rangi gani. Kondoo wa katmoget aweza kuwa wa weusi au wa moorit, na wa gulmoget vivyo hivyo. Neno lasema mpangilio, si rangi.

Hapo ndipo palipo na werevu wa msamiati huu. Mchungaji wa Shetland aliposema kwamba kondoo fulani ni moorit, katmoget na sholmet, hakuwa akirundika majina matatu ya rangi. Alikuwa akijibu maswali matatu yaliyo mbali mbali: rangi ya msingi ni ipi, imepangwaje mwilini, na ni wapi ambapo haipo kabisa. Sisi kwa Kiswahili tungelazimika kutunga sentensi nzima: kondoo mwenye mgongo wa maji ya kunde, tumbo la kahawia iliyokoza, na uso mweupe. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini imechanganya maswali yote matatu katika chungu kimoja.

Waliowahi kusoma juu ya wafugaji wa Afrika Mashariki na majirani zao hawatashangaa. Evans-Pritchard alieleza mwaka 1940 jinsi Wanuer wa Sudan ya Kusini wanavyozichanganya rangi na mipangilio ya ng'ombe hadi kupata mamia ya majina yaliyo halali. Mwaka 1980 David Turton, akiandika juu ya Wamursi wa kusini ya Ethiopia, alionyesha kwamba kwa watu hao majina ya rangi ni majina ya ng'ombe, na kwamba mtafiti anayekuja na kadi za karatasi zenye rangi ili awaulize "hii ni rangi gani" anauliza swali ambalo jibu lake liko zizini. Mara kadha wa kadha nimesikia ikisemwa mikutanoni kwamba maneno ya namna hii ni finyu mno kwa kamusi sanifu, kwamba ni ya wafugaji tu. Mimi nadhani ufinyu huo hasa ndio thamani yake, na mfano wa Aisilandi watosha kuutetea.

Aisilandi iliingiwa na wahamiaji hao hao wa Skandinavia kuanzia karne ya 9, nao walikuja na kondoo hao hao. Tofauti ni kwamba huko lugha haikufa. Mkulima wa Aisilandi leo asema mórauður pale mwenzake wa Shetland asemapo moorit, na flekkóttur pale huyu asemapo fleckit. Kwa mipangilio ya tumbo ana golsóttur na botnóttur, maneno mengine lakini mgawanyo ni ule ule. Mwaka 1970 mtaalamu wa huko, Stefán Aðalsteinsson, alichapisha utafiti mkubwa juu ya urithi wa rangi katika kondoo wa nchi yake. Alionyesha kwamba rangi zote hizo zaweza kuelezwa kwa mahali patatu katika jeni, kila mahali pakirithiwa peke yake: pamoja kwa rangi ya msingi, pa pili kwa mpangilio, pa tatu kwa mabaka. Msomaji ataona kwamba ni maswali yale yale matatu. Sidai kwamba wachungaji walikuwa wamegundua kanuni za Mendel kabla ya Mendel. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: mtu anayezalisha wanyama kizazi baada ya kizazi huona ni sifa zipi zinazotengana na zipi zinazoandamana, na lugha yake huishia kukatika mahali pale pale ambapo maumbile yamekatika. Hesabu za mtaalamu zilikuwa rahisi zaidi kwa kuwa rangi alizohitaji kuzihesabu zilikuwa na majina ambayo kila mkulima aliyafahamu.

Maabara za miaka iliyofuata zimeeleza mambo hayo yanavyofanyika. Sufu hupata rangi kutokana na melanini, nayo ni ya namna mbili, moja nyeusi au kahawia, nyingine nyekundu iliyopauka. Jeni iitwayo TYRP1 huamua kama ile ya kwanza itakuwa nyeusi kamili au kahawia. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba badiliko dogo ndani ya jeni hiyo ndilo linalowatenga kondoo waliokoza wa Soay na wenzao wa kahawia isiyokoza. Jeni ya pili, MC1R, hutengeneza kipokezi kilicho juu ya chembe zinazozalisha melanini. Kipokezi kikiamshwa, chembe hutoa rangi iliyokoza. Jeni ya tatu, ASIP, hutengeneza protini inayokiziba kipokezi hicho. Mpangilio wa mwili, basi, ni habari ya mahali protini hii inapofanya kazi na mahali inapolala. Ikifanya kazi tumboni tu, mnyama ni gulmoget. Ikifanya kazi mgongoni na ubavuni, ni katmoget. Isipofanya kazi popote, amekoza mwili mzima.

Sheria ya kutawala katika jeni hii ni nyepesi kuikumbuka: katika kila sehemu ya mwili, wepesi wa rangi huushinda ukozaji. Ndiyo sababu mwana-kondoo aliyerithi katmoget kwa baba na gulmoget kwa mama hupauka mgongoni kama baba na tumboni kama mama, akabaki na sehemu chache tu zilizokoza. Na juu ya mipangilio yote hiyo yupo mtawala mmoja mkuu, weupe. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba weupe wa kondoo wengi hutokana na kurudufika kwa kipande cha takriban herufi 190,000 za kimaumbile, ambacho kimebeba ndani yake jeni ya ASIP. Kwa hiyo protini ya kuziba hutengenezwa kila mahali, wala si mgongoni au tumboni peke yake. Nakala moja tu, ya baba au ya mama, yatosha kumfanya mnyama awe mweupe na kuficha lolote lililo chini yake.

Weupe huo ndio ulioandika historia ya kondoo wa Ulaya, kwa sababu sufu nyeupe hukubali kila rangi ya mtiaji rangi, na nyeusi haikubali hata moja. Huko Shetland kwenyewe watu walivaa sufu jinsi ilivyotoka kwa mnyama, na mfumaji alipanga moorit, shaela na weupe katika vazi moja bila kuhitaji dawa. Lakini bei ilipangwa kwingine. Mwaka 1791 Sir John Sinclair alianzisha mjini Edinburgh chama cha kustawisha sufu ya Uingereza, na kondoo wa Shetland walikuwa miongoni mwa waliosifiwa kwa ulaini wa sufu yao. Ustawishaji wa zama hizo ulimaanisha sufu ya namna moja kwa wingi. Mfugaji aliyetaka fedha alichagua dume jeupe, na dume moja jeupe huweza kuwavika weupe wana wa kundi zima kwa msimu mmoja.

Je, rangi nyingine zilikufa? Tufanye hesabu kidogo, kwa kanuni ambayo Hardy na Weinberg waliitoa kila mmoja kwa njia yake mwaka 1908. Tuchukue kundi ambalo ndani yake jeni ya weusi unaojificha ni 10 katika kila 100. Kondoo weusi wataonekana 1 tu katika 100, maana mweusi lazima airithi pande zote mbili. Lakini weupe 18 katika 100 wameibeba kimyakimya. Mfugaji akimchinja kila mweusi azaliwaye, bila kukosa hata mmoja, kwa vizazi 10, yaani miaka 30 au 40 ya kondoo, jeni hiyo itakuwa imeshuka hadi 5 katika 100 tu. Mweusi sasa atazaliwa mara 1 katika 400, na karibu weupe 10 katika kila 100 watakuwa bado wameibeba. Mfugaji ataamini kwamba amemaliza kazi, kumbe hajafika mbali. (Weusi wa aina nyingine, unaotokana na MC1R, ni jambo jingine, huo hutawala, hivyo haujui kujificha, na mchinjaji mwenye bidii huumaliza mara moja.)

Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka jambo hili kwa sura nyingine. Katika Mwanzo sura ya 30, Yakobo anamwomba Labani mshahara wa kondoo weusi na mbuzi wa madoa. Labani anakubali, kisha siku ile ile anawatenga wanyama wote wa namna hiyo na kuwapeleka mwendo wa siku tatu. Alifikiri amemwachia mkwewe kundi lisiloweza kuzaa mshahara wake. Msimulizi anaeleza mafanikio ya Yakobo kwa fito zilizoambuliwa maganda na kuwekwa mbele ya mabirika ya kunyweshea. Mtu wa jeni hahitaji fito: Labani aliondoa rangi iliyoonekana, akaacha ile iliyofichwa.

Neno halina mahali pa kujificha namna hiyo. Hili ndilo jambo ambalo sitiari zetu za "urithi wa lugha" hulifunika. Jeni ya gulmoget huweza kulala ndani ya kondoo weupe vizazi vingi, kisha ikaamka siku wawili wanaoibeba watakapokutana, wala haihitaji mtu wa kuikumbuka. Neno gulmoget likikaa vizazi viwili bila kutamkwa, halimo popote. Mtoto hazaliwi nalo. Wachungaji weupe ulipowatawala malishoni hawakuwa tena na haja ya kutenganisha bleset na krunet, na rangi ambayo haiitwi mara ya pili haina wa kuiita mara ya tatu. Rangi zilirudi Shetland mara kwa mara bila kualikwa. Maneno yalirudi kwa sababu mtu fulani alikuwa ameyaandika.

Mtu huyo alikuwa Jakob Jakobsen, aliyezaliwa Tórshavn katika visiwa vya Faroe mwaka 1864. Alikwenda Shetland mwaka 1893 akakaa hadi 1895, akitembea kijiji kwa kijiji na kuwahoji wazee. Kinorn kama lugha ya mazungumzo kilikuwa kimekwisha kupotea, lakini alikusanya maneno yapatayo 10,000 yaliyobaki ndani ya Kiskoti cha Shetland, mengi yao ya bahari, ya hali ya hewa na ya wanyama. Haikuwa bahati kwamba kazi hii ilifanywa na mtu wa Faroe. Jina Faroe huelezwa kuwa ni visiwa vya kondoo, na hati ya zamani kuliko zote inayohusu visiwa hivyo, ya mwaka 1298, ni sheria ya kondoo. Jakobsen aliposikia katmoget hakuhitaji kuelezwa kwamba hilo ni neno la maana. Alilelewa katika lugha iliyokuwa na ndugu zake. Mtafiti kutoka mji mkubwa angeliandika "aina ya kondoo" na kuendelea na safari. Kamusi yake ya asili ya maneno ilitoka kwa Kidenishi kati ya 1908 na 1921, sehemu ya mwisho ikitangulizwa na kifo chake cha mwaka 1918, na kwa Kiingereza kati ya 1928 na 1932.

Mwaka 1926 wafugaji wa Shetland walianzisha chama cha kuandikisha makundi yao, na kanuni waliyoitoa mwaka 1927 iliorodhesha katika kifungu cha rangi, pamoja na weupe, moorit, shaela, katmoget, sholmet, bleset na nyinginezo. Kwa hakika ni kifungu cha ajabu: maneno ya lugha iliyokufa yamewekwa ndani ya hati ya Kiingereza kama masharti ya biashara. Hata hivyo soko liliendelea kupenda weupe, na mwaka 1977 kondoo wa Shetland waliingizwa katika orodha ya mifugo iliyo hatarini ya shirika la Uingereza lililoundwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo. Wapenzi wapya wakatokea, wengi wao mbali na visiwa. Mwaka 1980 kondoo wengine wakavushwa hadi Kanada. Leo hutajwa rangi 11 na mabaka ya namna 30.

Kabla sijamaliza na orodha hiyo, niseme kidogo juu ya Soay, kwa kuwa huko twaona rangi bila mfugaji. Jina lenyewe ni la Skandinavia na maana yake ni kisiwa cha kondoo. Wakazi 36 wa mwisho wa visiwa jirani vya St Kilda walihamishwa tarehe 29 Agosti 1930, na mwaka 1932 kondoo 107 wa Soay wakapelekwa Hirta, kisiwa kilichohamwa, wakaachwa wajitunze. Tangu 1985 baadhi yao hufuatiliwa mmoja mmoja. Ilionekana kwamba waliokoza ni wakubwa kwa mwili kuliko wale waliopauka, na ukubwa ni faida wakati wa baridi. Hata hivyo idadi yao ilikuwa ikipungua. Utafiti wa mwaka 2008 ulieleza kwamba jeni ya rangi imefungamana na jirani zake kwenye uzi mmoja wa urithi, na kwamba jirani mmoja huleta ukubwa ilhali mwingine hupunguza nafasi ya kuishi na kuzaa. Mwaka 2009 wengine walipendekeza kwamba ni majira ya baridi yaliyopungua makali yanayowanyima waliokoza faida ya kunasa joto la jua. Hapo hakuna bei wala mfumaji, na bado rangi haikai bila kuguswa.

Narudi kwenye orodha. Mfugaji wa leo anayesema katmoget anamaanisha umbo moja mahsusi la jeni ya ASIP, wala si kitu kingine. Hiyo ni faida kwa anayepanga uzazi, na sina ugomvi naye. Lakini shaela, ambayo wengi hutaka nayo iwe na jeni yake, haijawekwa katika chumba namna hiyo: mwana-kondoo huzaliwa mweusi, kisha nywele nyeupe humwingia kadiri anavyokua, na jina humfaa mwaka fulani kuliko mwaka mwingine. Wachungaji hawakusumbuliwa na hilo, kwa kuwa sakitu pia huja alfajiri na kuondoka mchana. Na katika kanuni ya 1927 yamo maneno mengine, kama blaegit na bronget, ambayo wafugaji wa sasa huyafafanua kwa kutazama michoro iliyotengenezwa baadaye sana. Jakobsen hakufanya hivyo. Nyuma ya kila neno aliweka vifupisho vya mahali alipolisikia, kama Unst, Fetlar, Foula na wilaya nyingine, na mara nyingi neno moja lina maana mbili au tatu zilizogawanywa na mlango mmoja wa bahari. Katika orodha za rangi 11 na mabaka 30 zinazozunguka leo, vifupisho hivyo vimeondolewa.